Mabomba ya Safu ya Juu

Jumatano, 4 Machi 1953. Chumbageni, Tanga.

Leo yametufikia masanduku sitini kutoka gatini, kila sanduku mabomba mawili. Jumla mia na ishirini. Bwana Lomaksi, mhandisi wa kampuni, alisimama juani akiwapigia kelele wachukuzi kwa Kiswahili chake cha vipande: "Pole pole wewe, hii hapana viazi." Wachukuzi walicheka. Mimi sikucheka. Nilipokuwa karani wa ghala la silaha, zama za Mjerumani, mtu aliyecheka mbele ya baruti alitolewa nje.

Hizi ni fataki za mvua. Masika ya mwaka jana hayakufika, na wenye chai juu milimani Amani na wenye katani huku chini wamekubaliana kulipia lile ambalo wazee wetu waliliachia dua: kurusha chumvi mawinguni ili mawingu yaachie maji. Kila bomba ni la chuma, urefu wa mkono, na ndani yake mna kitu cheusi kilichomiminwa kikiwa cha moto kikagandamana na chuma. Katikati yake kuna tundu. Moto huanzia tunduni na kula kuelekea nje. Kinafanana na halua iliyopikwa na mtu asiyejua kuipika, na wachukuzi wameshakipa jina hilohilo, halua.

Mimi nimeajiriwa kuipima. Nina miaka sabini, nasoma Kiarabu cha baba yangu, Kijerumani cha mabwana wa kwanza na Kiingereza cha mabwana wa pili, na hakuna kati yao aliyewahi kuniuliza nilichokisoma. Wanataka mkono usiotetemeka na hati inayosomeka.

Alhamisi, 5 Machi.

Nimegombana na Manase, mtunza ghala. Ni Mbondei wa Magila, msomi wa misheni, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda kupigwa picha. Alitaka masanduku yote yawekwe chumba cha mawe, chini, juu ya mbao.

"Chini hapa sakafu hutoa jasho mvua zikianza," nilimwambia. "Baruti adui yake ni unyevu. Yapande darini."

"Mzee, karatasi ya sandukuni inasema pawe na ubaridi."

"Imeandikwa na mtu ambaye hajaona masika ya Tanga."

"Lakini, mzee, huko juu chini ya mabati—"

"Manase, Mjerumani alipokimbia wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Baba yangu kule Mwera alitundika pembe ya baruti darini, juu ya jiko, na kwa miaka thelathini bunduki yake haikumkatalia hata mara moja. Utanifundisha wewe?"

Wachukuzi walicheka tena, na safari hii nilifurahi kwamba wamecheka. Manase aliinamia kitabu chake. Akauliza, "Niandike kwa agizo la nani?" Nikamwambia aandike "darini", inatosha.

Dari halikubeba zaidi ya masanduku ishirini na manne: bomba la kwanza mpaka la arobaini na nane. Mengine yamebaki chumba cha mawe kama alivyotaka.

Ijumaa, 6 Machi.

Jua. Hakuna wingu.

Jumanne, 10 Machi.

Nimepima siku mbili. Naandika namna ninavyopima, maana Bwana Lomaksi akiandika ataandika kwamba amepima yeye.

Tunalifungua bomba moja la chumba cha mawe, tunakata ukanda wa halua kwa kisu cha shaba, nusu inchi upana na nusu inchi unene. Kwa wino mweupe natia alama mbili, kati yake inchi nne kamili. Ukanda unaning'inizwa kwenye kigingi, chini yake ndoano, na kwenye ndoano naongeza mawe ya mizani, ratili moja moja, nikingoja dakika kati ya jiwe na jiwe. Kila mara napima umbali wa alama zile mbili. Mambo ni mawili tu. La kwanza ni mvuto: uzito niliouning'iniza, ukigawanywa kwa upana mara unene wa ukanda. La pili ni mnyooko: urefu ulioongezeka, ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Mtu hajui kitu mpaka ajue kimevutwa kiasi gani na kimekubali kiasi gani.

Kisha narudia ndani ya beseni la barafu, kwa sababu Amani asubuhi kuna baridi, na hapo ndipo penye hatari. Halua ikipoa husinyaa. Chuma hakisinyai kiasi hicho, na halua imegandamana nacho, kwa hiyo kupoa kwake ni kuvutwa. Ikiweza kunyooka, itatulia. Isipoweza, itapasuka ndani mahali pasipoonekana, moto utaingia kwenye ufa, na badala ya kula taratibu utakula kote kwa mara moja. Karatasi ya watengenezaji inasema halua isiyoweza kunyooka sehemu mbili kwa mia katika baridi isirushwe kamwe.

Kanda zote sita zimenyooka tano kwa mia ndani ya barafu, moja imefika sita. Ni kazi nzuri. Nimemwambia Bwana Lomaksi. Akasema, "Wewe andika tu."

Jumapili, 15 Machi.

Mkwe wangu Idarusi ameajiriwa kurusha. Sikumwombea kazi hiyo. Amejiombea mwenyewe, na Bwana Lomaksi kampenda kwa sababu haogopi moto. Baba yake ni mchoma chokaa wa Tongoni. Huyo ndiye mume wa binti yangu Shamsiya, mjukuu wa watu waliokuwa na minazi elfu mbili Mwera kabla shamba halijatwaliwa na sisi hatujahamia huku na masanduku matatu ya vitabu. Miaka hamsini imepita na bado nikisikia mtu akiitaja Mwera nageuka.

Walikuja kula mchana. Idarusi alisimama mlangoni, "Shikamoo, baba." Nikaitikia nikiwa nasoma.

"Halua umeivuta leo, baba?"

"Leo Jumapili."

"Basi imepumzika. Mimi naona ile ya Maskati ndiyo inayovutika zaidi. Mtu anavuta kutoka Chumbageni mpaka Oman na haikatiki."

Shamsiya alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mtu huyu hukaa nyumbani kwangu, hula wali wangu, na huuchezea ukoo wangu kama mpira.

Ijumaa, 20 Machi.

Joto. Ghalani, ukiinua mkono karibu na mabati, unaurudisha.

Jumamosi, 28 Machi.

Bwana Lomaksi amenikataza kupima. Nilitaka kufungua bomba moja la darini na moja la chumba cha mawe kabla hayajapelekwa juu, kama tulivyofanya yalipofika. Akasema kila bomba linalofunguliwa ni bomba moja pungufu, na wenye chai wanamwandikia barua kila siku. Akainua macho darini. "Juu? Sawa. Kavu." Akaondoka.

Manase alikuwa amesimama pale. Nilimtazama kumwonyesha kwamba mhandisi mwenyewe kakubaliana na mimi, lakini alikuwa anatazama ubao wa dari, mahali penye doa jeusi.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee. Mimi sijui baruti."

Alhamisi, 2 Aprili.

Lori limekwenda Amani na masanduku kumi na tano ya chumba cha mawe. Idarusi amekaa juu ya masanduku akiimba.

Jumatano, 8 Aprili.

Habari za Amani: fataki kumi na mbili, zote zimepanda vizuri. Mvua hakuna.

Jumanne, 14 Aprili.

Nane zaidi. Mvua hakuna. Shamsiya anasema mumewe ameandika barua kwamba watu wa huko wanamwita Bwana Radi. Nimemwambia anisomee kitu kingine.

Jumamosi, 18 Aprili.

Lori la pili. Safari hii wamepakia na sanduku moja la darini, la mabomba ya thelathini na moja na thelathini na mbili, kwa sababu lilikuwa karibu na ngazi. Hakuna mvua. Mgongo wauma.

Jumatano, 22 Aprili.

Simu imekuja saa nne asubuhi. Bomba la thelathini na moja limepasuka likiwa bado kwenye reli yake ya kurushia. Ilikuwa alfajiri, ukungu mzito, baridi. Idarusi ameungua mkono wa kushoto. Mtu aliyekuwa ameshikilia reli, Miraji, kibarua wa shamba la chai, amechomwa tumboni na kipande cha chuma. Wanamteremsha kwa lori.

Shamsiya alikuwa anachambua mchele. Nilipomwambia aliendelea kuchambua mpaka ulipokwisha, kisha akauliza, "Mkono upi?"

Ijumaa, 24 Aprili.

Miraji amefariki kabla ya sala ya Ijumaa. Ana mke na watoto wanne.

Adhuhuri mvua imenyesha. Imekuja yenyewe, kutoka baharini, bila kuitwa na mtu, imenyesha mpaka magharibi.

Jumamosi, 25 Aprili.

Idarusi amewekwa mahabusu. Bwana Lomaksi ameandika kwamba sanduku liliangushwa njiani, kwenye kona za kupandia Amani, na kwamba mrushaji alilijua jambo hilo akalificha. Kosa ni kuua mtu kwa uzembe. Hukumu yake, wanasema, yaweza kufika miaka saba.

Nilipelekwa kumwona kwa dakika chache, mkono wake umefungwa.

"Uliangusha sanduku?"

"Moja liliteleza, baba. La themanini na moja na themanini na mbili. Nikalitia alama ya chaki nikaliweka kando, halikurushwa. Lipo huko huko Amani, waende wakaangalie."

"Na hili lililopasuka?"

"Hilo nililibeba mimi mwenyewe mapajani, kama mtoto."

Nimerudi nyumbani nikiwa simwamini. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliona ni jambo la kawaida kwamba mtu wa mzaha ameangusha kitu, na niliamini upesi, kama mtu anayepokea barua aliyokuwa akiitazamia.

Jumapili, 26 Aprili.

Shamsiya amekuja chumbani kwangu asubuhi na hakukaa.

"Baba, wewe ndiye mpimaji. Pima."

"Nipime nini? Bomba limekwisha pasuka."

"Pima ndugu zake."

"Bwana Lomaksi amekataza."

"Bwana Lomaksi ndiye aliyemfunga mume wangu. Sasa tumwombe ruhusa?"

Nilimwambia asinipandishie sauti. Akasema hajaipandisha, na kweli hakuwa ameipandisha.

Jumatatu, 27 Aprili.

Bomba la thelathini na mbili, lililokuwa sanduku moja na lile lililopasuka, limerudishwa ghalani. Nimemwomba Manase anifungulie hilo, na moja la chumba cha mawe. Nilidhani atataka karatasi ya ruhusa. Akatoa funguo. "Barafu nitaagiza mimi," akasema.

Jumatano, 29 Aprili.

Naandika polepole.

Nimepima jana kutwa na leo mpaka saa tisa, kanda sita kutoka kila bomba, kwa mawe yaleyale, kigingi kilekile. Za chumba cha mawe, ndani ya barafu, zimenyooka tano kwa mia, kama za mwezi wa Machi. Wiki saba hazikuzidhuru.

Bomba la thelathini na mbili, kabla hata sijakata, lilinipa habari. Halua ilikuwa imepoteza mng'ao. Kisu kilipopita haikuonyesha uso laini. Ilimeguka. Chini ya bomba, upande uliolala, palikuwa na mafuta, na sanduku limelowa mafuta hayo. Ndiyo doa lile la darini. Mafuta ndiyo yanayoipa halua ulaini, na joto la mabati limeyakamua wiki sita.

Ukanda wa kwanza ndani ya barafu: ratili nne, haikuonekana tofauti. Ratili saba, alama zile mbili hazikusogea hata kwa unene wa unywele. Ratili tisa, ukakatika. Nilitazama rula, nikaitazama tena. Mnyooko haukufika nusu ya sehemu moja kwa mia. Nikasema huenda nimeukata vibaya. Ukanda wa pili ukakatika kwenye ratili nane. Wa tatu ukakatika nilipokuwa nautia ndoanoni. Wa nne, wa tano, wa sita, hakuna uliofika sehemu moja kwa mia, na sharti ni mbili.

Kuanguka hakufanyi hivi. Sanduku likianguka, bomba laweza kupata ufa, lakini halua yenyewe haibadiliki. Ukikata mbali na ufa itanyooka kama kawaida. Hii imebadilika yote, kutoka tunduni mpaka chumani. Ilipikwa upya darini, ikapelekwa kwenye baridi ya Amani, ikavutwa na bomba lake lenyewe, ikapasuka ndani. Mtu yeyote angelirusha angepata lilelile.

Manase alikuwa mlangoni tangu ukanda wa nne. Nilikunja karatasi ya hesabu nikaitia mfuko wa kanzu.

Nilidhani nikishajua kosa si la Idarusi nitakuwa na furaha kwa ajili ya Shamsiya. Kitu cha kwanza nilichokifikiria, na ninakiandika kwa sababu hakuna atakayekisoma, ni jinsi wale wachukuzi walivyocheka nilipomwambia Manase kuhusu mgongo wa mama yake.

Alhamisi, 30 Aprili.

Sikutoka. Nimemwambia Shamsiya ni homa.

Ijumaa, 1 Mei.

Nimekwenda msikitini. Nimekaa safu ya mbele, mahali pangu. Watu walinipa pole kwa mkwe wangu na kunisifu kwa subira. Mmoja akasema, "Mzee Himyar, vijana wa siku hizi hawana mikono ya kushika kitu." Nikasema, "Ndiyo." Nilisema ndiyo.

Mvua.

Jumamosi, 2 Mei.

Shamsiya amepeleka chakula mahabusu, amerudi na sahani ikiwa haijaguswa. Kidonda cha mkono kimeanza kutoa harufu. Akaniuliza, "Baba, umepima?"

"Bado natengeneza hesabu."

"Hesabu ngumu?"

"Ngumu."

Akaniwekea chai.

Jumapili, 3 Mei.

Manase amekuja nyumbani akitoka kanisani, shati lake jeupe, mwavuli kwapani. Hajawahi kuja kwangu. Alinisalimu shikamoo, akakaa barazani kwenye ncha ya kiti, akakataa kahawa.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya ile karatasi."

"Karatasi ipi?"

Alitazama mvua. Hakunijibu swali hilo, na nilishukuru.

"Kitabu changu kinasema 'darini'," akasema. "Hakisemi kwa agizo la nani. Watakaponiuliza, nitasema mimi?"

"Ungeweza kusema ukweli tangu siku ile."

"Ningesema. Wangesema Mbondei anamsingizia mzee wa Kiarabu kuokoa kibarua chake. Bwana Lomaksi aliyaona yakiwa juu akasema sawa, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza asiyetaka kusikia. Nikisema mimi ni fitina, mzee. Ukisema wewe ni ushahidi."

"Na nisiposema?"

"Basi Idarusi atafungwa, na mimi nitajua, na wewe utajua, na kila asubuhi utaniomba funguo."

Nilimwambia anajivuna kwa sababu ya ile karatasi ya sandukuni. Akasimama, akafungua mwavuli.

"Sikujivuna, mzee. Nilisoma kilichoandikwa. Wewe ndiye msomaji kati yetu, nilidhani utaisoma."

Nimekaa nikiwa na hasira naye mpaka alasiri. Nilitafuta neno moja katika yote aliyosema ambalo ni la uongo. Nililitafuta kwa bidii.

Jumatatu, 4 Mei.

Nimekwenda kwa Bwana Lomaksi na karatasi. Aliisoma akiwa amesimama. Ni mhandisi, aliielewa kabla hajafika chini, niliona sikio lake likibadilika rangi. Kisha akaongea Kiingereza, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha. Akasema mimi ni mzee, macho yamechoka, barafu ya Tanga si ya kuaminika, na nilipima bila idhini yake. Akasema ninapenda familia yangu na hilo ni jambo la kueleweka.

Nilimwambia Idarusi simpendi. Ndilo neno la kweli nililokuwa nalo karibu.

"Basi kwa nini unajitia matatani?" akaniuliza.

Nilimwomba anirudishie karatasi. Akasema ni mali ya kampuni, akaitia kwenye dawati akafunga.

Jumanne, 5 Mei.

Usiku wa jana sikuandika kitu. Asubuhi hii nimeandika hesabu yote upya, kanda kumi na mbili, uzito kwa uzito. Hakuna tarakimu niliyoisahau. Chini yake nimeandika kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ili karani asipate kisingizio: Mabomba namba moja mpaka arobaini na nane yaliwekwa darini tarehe tano Machi kwa agizo langu mimi, Himyar bin Hashil, juu ya pingamizi la mtunza ghala Manase aliyenionyesha maandishi ya watengenezaji. Idarusi hakujua yamewekwa wapi. Nimetia sahihi, nimeipeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mwenyewe, nikaomba waje wapime upya mbele ya mtu wanayemtaka wao.

Aliniuliza kama najua kwamba huenda mimi ndiye nitakayeshtakiwa. Nikamwambia najua kusoma.

Alhamisi, 7 Mei.

Amekuja mtu wa serikali kutoka Dar es Salaam kwa treni. Amekata kanda mwenyewe. Amepata nilichopata. Manase aliulizwa, akajibu maneno matatu matatu. Bwana Lomaksi hakuwapo.

Jumamosi, 9 Mei.

Idarusi ameachiwa saa tano. Kesi yangu itatajwa baada ya Ramadhani. Nimeambiwa nisitoke mjini.

Alikuja nyumbani, akaoga, Shamsiya akamfunga kidonda upya, akala. Alikula chote. Amekonda, na shingo yake haina tena ule uchangamfu. Aliponawa mkono mmoja, akageuka kwangu. Hakunisalimu.

"Shamsiya kanieleza kwamba umesema ni wewe."

"Ni mimi."

"Mtu hukosea. Kule tanuruni kwetu baba yangu amekosea mara nyingi, na mimi nina makovu." Akatazama bandeji. "Nauliza kitu kimoja. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Jumatatu. Hakuna aliyejua isipokuwa Manase, na Manase asingesema.

"Jumatano. Tarehe ishirini na tisa."

Alihesabu kwa vidole vya mkono mzima. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alipofika kidole gumba akakishikilia.

"Ijumaa walinihoji kutwa," akasema. "Waliniambia nikikiri watamwita daktari aje kuutazama mkono. Nikakaribia kukiri, mzee. Ningekiri ili nipate dawa."

Amezoea kuniita baba. Nilisikia tofauti yake. Shamsiya aliisikia pia, naye hakunitazama. Aliondoa sahani, akaingia ndani, nikasikia anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Jumapili, 10 Mei.

Wamehamia Tongoni kwa baba yake. Shamsiya amenipikia wali wa siku mbili, akafunika. Mlangoni alisema, "Siku tano ulinywa chai yangu."

Jumatatu, 11 Mei.

Mvua kubwa. Vitabu vinanuka unyevu.

Jumatano, 13 Mei.

Bwana Shauri ameagiza mabomba yote ya darini yateremshwe, yapelekwe machimbo ya zamani ya mawe huko Pongwe, yateketezwe kwa mbali. Yako arobaini na sita. Wachukuzi wamekataa, hata mmoja hakukubali kugusa ngazi. Walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama. Hakuna aliyecheka.

Nilimwambia Manase nitapanda mimi. Akasema, "Kwa magoti hayo?" Tukawa tunabishana pale chini ya ngazi Idarusi alipotokea na baiskeli, mkono wa kushoto umefungwa. Manase alikuwa amempelekea habari. Sikujua.

Hakuniangalia. Alimwambia Manase, "Mimi nitapanda, nitayateremsha kwa mkono mmoja na kamba. Wewe pokea mlangoni, utie lorini." Kisha, bado akimtazama Manase, "Na yule mzee akae chini ya ngazi."

Manase akasita. "Idarusi, chini ya ngazi ndipo—"

"Napajua."

Nilivua kilemba nikaenda kusimama. Mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Idarusi alipanda, akatoweka gizani, nikamsikia akikohoa kwa joto. Masanduku yalikuwa yamelowa mafuta na hayakubebeka, kwa hiyo aliyafungua huko huko na kuteremsha bomba moja moja. La kwanza lilishuka polepole likizunguka kwenye kamba. Lilikuwa la moto kama mkate uliotoka tanuruni, na mafuta meusi yakanidondokea kifuani.

"Shika," akasema.

Nikalikumbatia kwa mikono miwili, tumboni, mahali ambapo Miraji alichomwa. "Nimeshika." Hakulegeza kamba mpaka aliposikia neno hilo.

Tulifanya hivyo tangu saa tatu mpaka saa nane. Shika, mara arobaini na sita. Nimeshika, mara arobaini na sita. Bomba la mwisho lilipofika mikononi mwangu aliiachia kamba yote ikaniangukia mabegani, akashuka, akanipita, akapanda baiskeli yake.